Alipanda na Wanne, Akashuka na Wanne

Phub Gyem hana sura ya kupokea wageni. Wenzake pale uwanja wa ndege wa Paro husimama na tabasamu na skafu nyeupe mikononi. Yeye husimama amekunja uso kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Skafu huwavalisha wageni vizuri, kwa mikono miwili, hilo ni la heshima na halifanyii mchezo. Lakini kabla mgeni hajauliza hoteli iko wapi, Gyem ameshainama kutazama miguu.

"Viatu hivi umevinunua lini?"

Mgeni akijibu kwamba wiki iliyopita, humwambia avivae kuanzia saa ile, hata kitandani akitaka, maana mlimani havitamhurumia.

Nimempikia kwenye safari nyingi, na maneno yake ya mapokezi nayajua kama ninavyojua masufuria yangu. Pilipili kwetu ni mboga, haiwekwi pembeni kama kiungo, kwa hiyo usijaze sahani ili kuonyesha ushujaa. Barabara zinapinda mpaka tumbo linapotea njia, kaa kiti cha mbele na utazame mbali. Mbwa watabweka usiku kucha, ziba masikio, asubuhi usije kunilalamikia. Hekaluni vua viatu na kofia, funika mabega na magoti, na kamera ibaki nje. Ukikuta mnara wa sala njiani, pita ukiwa umeuweka mkono wako wa kulia. Siku ya kuondoka usipange kuunganisha ndege nyingine siku hiyohiyo, kwa sababu mawingu yakilala bondeni hakuna rubani atakayejaribu. Kisha anapunguza sauti, na hapo hata mgeni msumbufu hunyamaza: kichwa kikikuuma kule juu, niambie mimi. Mimi kwanza, kabla ya mkeo, kabla ya vidonge vyako.

Mwenye kampuni tuliyofanyia kazi, Bwana Lhendup, aliyachukia mapokezi hayo. Alimwita ofisini zaidi ya mara moja. Akamwambia watu wanatoka mbali kuja kutafuta amani na milima, na yeye anawapokea kwa mbwa na kutapika. Gyem alimjibu kwamba habari za amani wameshazisoma kwenye mabango, yeye anawaambia yaliyobaki.

Ubishi huo hakuuanza ofisini. Baba yake alikuwa na farasi wa kubeba mizigo katika kijiji cha juu ya Paro, karibu na ngome ya Drukgyel. Kaka yake alipelekwa utawani akiwa mdogo, kwa hiyo farasi wakakosa mrithi, na mzee akaanza kuulizia wanunuzi. Asubuhi moja alipoanza safari ya kupeleka mchele kwa wachunga yaki, wale ng'ombe wa mlimani wenye manyoya marefu, Gyem akamfuata. Mzee akamrudisha. Akamfuata tena, safari hii kwa mbali, akijificha nyuma ya misonobari. Jioni wanaume wakiwa wanachemsha chai kambini, binti akatokea, akakaa kando ya moto. Baba yake alimpa kikombe, na kesho yake akampa kamba za farasi wawili. Habari za kuuza farasi zikaishia hapo.

Alipokua alisomea uongozaji wa wageni, akapata leseni. Kwa miaka kadhaa alizungusha watu kwenye mahekalu na makumbusho, kazi ambayo walikuwa wakiwapa wanawake. Milima ilikuwa ya wanaume. Alipoomba kupelekwa mlimani, Lhendup alicheka, akauliza mgeni wa kilo mia akianguka atambebaje. Gyem akamuuliza ni mwanamume gani katika ofisi ile aliyewahi kumbeba mgeni wa kilo mia peke yake. Hakuna aliyejitokeza, lakini mlimani hawakumpeleka.

Nyumbani nako hali ilikuwa hiyohiyo. Mume wake, dereva wa lori, hakuwa na neno. Mwenye maneno alikuwa mama mkwe, Bibi Zam, mwanamke mfupi mwenye midomo myekundu kwa tambuu, aliyeamini kwamba mwanamke kutangulia mbele ya wanaume kwenye njia za Jomolhari ni kumkasirisha mungu wa kike anayekaa pale kileleni.

"Mungu mwenyewe si mwanamke, mama?" Gyem akamuuliza. "Akiniona atashangaa nini?"

Bibi Zam alitema tambuu yake uani, akaingia ndani.

Mlango ulifunguka kwa bahati mbaya ya mtu mwingine. Msimu mmoja wa vuli mwongozaji aliyepangwa aliteleza kwenye sherehe za kulenga mishale akavunjika mguu, na wengine wote walikuwa safarini. Lhendup akampa Gyem kundi lile huku akilalamika. Alilipeleka, akalirudisha. Akapewa jingine. Misimu ikapita hivyo, na wanaume wakaacha kucheka mbele yake, wakawa wanacheka akishaondoka.

Ndipo wakaja wale Wadenishi wanne.

Walikuwa marafiki wa siku nyingi, wote wamestaafu. Kulikuwa na Poul na mkewe Birthe. Kulikuwa na Kirsten, mwanamke mkimya aliyekuwa akisimama kila mara kuchora maua. Na kulikuwa na Niels, aliyeipanga safari yote, mtu mwenye miguu mirefu na sauti ya kuamrisha, ambaye kila jioni alikuja hemani kwangu kuniuliza kesho tunakula nini, kana kwamba ningeweza kumficha. Sikumchukia. Alikuwa mwenye nguvu kuliko wote na alikuwa ameisubiri safari ile miaka mingi.

Njia tuliyopanga ilipanda na mto hadi Jangothang, chini ya Jomolhari, halafu ikavuka upenyo wa Nyile kati ya milima na kushukia upande wa Lingzhi. Msaidizi wa Gyem alishikwa na homa tukamwacha Paro, kwa hiyo mwongozaji alikuwa mmoja tu. Mimi nilikuwa mpishi. Mwenye farasi alikuwa Mzee Gado, aliyewahi kutembea na baba yake Gyem, na aliyemwita "mtoto" hata mbele ya wageni.

Tulifika Jangothang hali nzuri, tukapumzika siku nzima ili miili izoee hewa nyembamba ya kule juu. Siku hiyo ya mapumziko niliona sahani ya Poul inarudi jikoni kama ilivyotoka. Nikamwambia Gyem. Akasema ameshaona mengine: Poul alikuwa amefunga vifungo vya koti lake vibaya, cha juu kwenye tundu la pili, na alipoelekezwa alicheka akashindwa kuvirekebisha. Birthe alipoulizwa alikiri, huku akimtazama mumewe kwa woga, kwamba kichwa kimemuuma Poul tangu kambi iliyopita na amekuwa akimeza vidonge.

Asubuhi ya kuvuka, kabla farasi hawajafungwa mizigo, Gyem alitandaza kamba ya hema chini kwenye majani, akaivuta ikanyooka. Akamwomba Poul atembee juu yake, kisigino mbele ya kidole.

Poul alitembea kidogo, akayumba. Akajaribu tena. Mara ya tatu aliangukia magoti, akabaki pale akitazama kamba kama mtu anayetazama kitu kilichomsaliti.

"Tunashuka," Gyem akasema. "Sote."

Neno lile la mwisho ndilo lililoleta vita. Kwamba Poul ashuke, hakuna aliyepinga, hata Poul mwenyewe. Niels alisema mpishi amsindikize Poul na mkewe, na yeye na Kirsten waendelee na mwongozaji. Gyem akakataa: mtu aliyeugua kwa kimo cha mlima anaweza kuzidiwa njiani, na Wangda, yaani mimi, anajua kupika, hajui la kufanya mtu akianza kukohoa povu. Basi, Niels akasema, mwongozaji ashuke na mgonjwa, na wao wavuke na mwenye farasi. Hapo Mzee Gado akaingia, maana alielewa neno "farasi" katika lugha yoyote.

"Mtoto, mimi nawavusha," akasema. "Njia naijua nikiwa nimefumba macho. Tazama mbingu."

Gyem alisema haziamini mbingu zile, kwamba upepo umegeuka na mchana kutakuwa na theluji kule juu. Mzee akacheka. Akasema theluji haipo leo wala kesho.

"Na kama haipo," Gyem akasema, "mmoja akivunjika mguu huko juu, utazungumza naye kwa lugha gani? Utamwita nani? Nimepanda na wanne, nitashuka na wanne."

"Baba yako angevuka."

"Baba yangu alikuwa anabeba mchele. Mchele hauumwi kichwa."

Niels alikuwa na simu ya setilaiti. Aliiwasha, akampata Lhendup huko Paro, akaeleza kwa dakika chache kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, kisha akamnyooshea Gyem simu. Nilikuwa karibu, nikisafisha birika ambalo lilikuwa safi tayari. Sauti ya Lhendup ilitoka mpaka nje. Alimwambia agawe kundi, awaache wenye nguvu waende na Gado, hawa ni watu wazima, wamesema wenyewe. Akamwambia wateja wa namna hii hawarudi wakikasirika. Halafu akamwambia kwamba akiwashusha wote, asihangaike kuja ofisini.

"Nimekusikia, Bwana Lhendup," Gyem akasema. Akamrudishia Niels simu, akamshukuru, akaniambia nifungashe jiko.

Niels alikaa juu ya jiwe akasema hatoki pale. Gyem hakubishana naye. Alimfunga Poul koti vizuri, kifungo kwa kifungo, akamshika mkono, wakaanza kushuka. Birthe akafuata. Kirsten alisimama katikati, akimtazama Niels, akiwatazama wengine, halafu akakunja daftari lake la michoro akafuata pia. Tulipofika kwenye daraja la chini nilisikia kokoto nyuma yetu. Niels alikuwa anakuja kwa hatua ndefu, uso umewiva, na hakusema na mtu yeyote mpaka jioni.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu huipotosha hadithi. Theluji haikunyesha. Haikunyesha siku ile, wala iliyofuata, wala wiki yote. Mbingu zilikaa juu yetu safi kama bakuli lililooshwa, na kila tulipogeuka nyuma Jomolhari ilikuwa pale, nyeupe, wazi kabisa, kama inatudhihaki. Kundi la kampuni nyingine lilivuka Nyile asubuhi ileile bila hata kuvaa glavu. Mzee Gado alitembea nyuma ya farasi wake akiimba. Kila baada ya kitambo alimuuliza Gyem hiyo theluji aione wapi, mfukoni mwake ama kwenye gunia la viazi.

Na Poul alipona. Tulipofika kambi ya chini yenye miti, jioni ileile, rangi ilikuwa imemrudia. Alikula sahani mbili za wali mwekundu, akaomba ya tatu. Daktari aliyempima huko Paro alisema kushuka kulimsaidia, lakini hakuwa tayari kusema angekufa kama asingeshuka. Niels alilibeba jibu hilo hadi kwa Lhendup, kwamba hata daktari hana uhakika.

Gyem alifika ofisini ijapokuwa aliambiwa asifike, akarudisha vifaa, akaondoka.

Lhendup hakuwa mtu mbaya. Msimu mpya ulipokaribia alituma ujumbe kwamba yuko tayari kulimaliza. Alikuwa akiwaita waongozaji na wapishi wake wote kunywa chai kwenye mgahawa ulio karibu na uwanja wa mishale. Gyem aje, aseme maneno mawili mbele ya wenzake kwamba alikosea, kisha arudi kwenye kazi yake ya zamani ya mahekalu. Mumewe alimshauri akubali. Mimi pia nilimshauri. Nilimwambia, "Dada, maneno ni upepo, yaseme ule."

Alikuja amevaa vazi lake zuri la kira, nywele zimechanwa. Tulikaa, chai ya siagi ikapita, wanaume wakapigana viwiko. Lhendup akasema dada yetu ana neno.

"Mbingu zilikuwa safi," Gyem akaanza. "Mzee Gado alisema zitakuwa safi, na zikawa. Kuhusu hali ya hewa nilikosea, nalisema mbele yenu wote."

Gado, aliyekuwa pembeni, aliinua kikombe chake.

"Lakini nimeitwa niombe radhi kwa kuwashusha watu," akaendelea, "na hilo siliombei radhi. Sikumwombea Poul ruhusa ya kuumwa, na sitaomba radhi kwamba alipona. Hao watatu wengine nao walikuwa wangu. Kama mnamtaka mtu atakayewaacha wageni wake mlimani kwa sababu jua linawaka, mtafuteni. Hapa nawaona wengi."

Kijana mmoja nyuma, aliyetaka kuchekesha, akauliza: "Na ukipanda tena ikawa vilevile, mbingu safi na mtu anayumba?"

"Nitashuka tena. Na nyinyi mtacheka tena. Mnacheka vizuri sana, sina tatizo na hilo."

Lhendup aliweka kikombe chini akasema kwa upole kwamba basi hapa kwake hana kazi. Gyem akasema alilijua hilo tangu kule mlimani. Akamaliza chai yake, kwa sababu kuacha chai ya mtu si adabu, akatoka.

Mimi nilibaki na Lhendup msimu ule. Nina watoto.

Gyem alilima viazi na mama mkwe wake, mgongo umepinda siku nzima, na sokoni wanawake walimuuliza kama anauza viazi ama utabiri wa mvua. Ajabu ni kwamba aliyejibu alikuwa Bibi Zam, yeye aliyesema mungu atakasirika. Alimwambia muuza jibini mmoja kwamba mkwe wake ni mkaidi na amemchosha, lakini mume wa muuza jibini alipoteza ng'ombe wawili mlimani na hakuna anayemcheka, sembuse mtu aliyerudisha watu wote. Kisha akageuka akamwambia Gyem asimame wima, viazi haviuziki kwa uso wa msiba.

Mwaka uliofuata Birthe akarudi bila Poul, akiwa na dada yake mdogo. Poul alikuwa amebaki nyumbani akiendelea kusema kwamba siku ile alikuwa mzima na kamba ilikuwa imelegea. Birthe alifika ofisini kwa Lhendup akamtaka Gyem. Akaambiwa hayupo, kuna waongozaji wazuri zaidi, wanaume wenye uzoefu. Alisema asante, akatoka. Alimpata kupitia Kezang, mwanamke aliyewahi kufanya kazi nasi na ambaye alikuwa ameanzisha kampuni yake ndogo ya gari moja. Kezang akanitafuta na mimi, na safari hii niliacha kazi ya Lhendup bila kuuliza mara mbili.

Tulivuka Nyile na wale kina dada wawili kwenye upepo uliokuwa uking'oa bendera za sala kwenye kamba zake. Birthe alilia pale juu. Gyem alimwambia alie akiwa anatembea, pale si mahali pa kusimama. Farasi walikuwa wa Mzee Gado. Kezang ndiye aliyemkodi, na mzee alikubali kwa sharti kwamba mambo ya mawingu aulizwe yeye. Gyem akakubali sharti hilo. Mpaka leo wakiwa njiani humuuliza kila asubuhi, na mzee hujibu kwa fahari kubwa. Halafu wanabishana kuhusu kila kitu kingine.

Siku hizi Gyem ana wasichana watatu anaowafundisha njia za juu. Mmoja ni binti wa muuza jibini. Huwalaza kwenye mahema mabovu kwanza, ili wajue kulalamika kunaanzia wapi.

Ile hadithi ya mwanamke aliyekimbia mbingu safi bado inazunguka. Waongozaji wa Paro huwasimulia wageni kama kichekesho. Vuli iliyopita tulikuwa Jangothang tena, mchana, mahema ya makundi mawili yakiwa karibukaribu. Kijana mmoja wa Lhendup, asiyemjua Gyem kwa sura, alikuwa akiwahadithia wageni wake kwenye chai. Katika hadithi yake kulikuwa na mwanamke mwoga, na wingu jeusi dogo lililokuwa mbali sana, na kundi zima likakimbia.

Gyem alikuwa akishona soksi yake mlangoni mwa hema. Aliiweka chini, akavuka majani mpaka pale walipokaa, akavuta kiti cha kukunja akaketi kati ya wageni.

"Unaisimulia vibaya," akamwambia yule kijana. "Hakukuwa na wingu hata moja. Ukitaka kunicheka, anzia hapo."

Mgeni mmoja, mzee mwenye kofia ya sufu, akamuuliza Gyem kwa nini basi alishuka.

Gyem aliomba chai kwanza, akakaa vizuri, akaanza kuwasimulia mwenyewe.